Nyota Isiyo na Jina: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Gavana,

Salamu nyingi kutoka Malindi. Baada ya salamu, nakuandikia habari za watu wawili ambao hawakuwahi kuzungumza hata neno moja. Wa kwanza alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, jenerali mwenye nishani za kila namna, aliyefia mikononi mwa adui zake hapa hapa Kenya. Wa pili ni babu yangu mzaa baba, askari wa Keya, yaani jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza (King's African Rifles), kutoka kijiji cha Ganda, aliyefia kitandani mwake. Ombi langu, la kukusanya na kuandika majina, linamhusu huyu wa pili na wenzake, lakini siwezi kulifikisha bila kupitia kwa yule wa kwanza. Nakuomba univumilie.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Kitaliano sikukisoma darasani. Nilikiokota ufuoni nikiwa kijana, neno moja leo, jingine kesho, kama walivyokiokota wengi hapa mjini. Nimewapeleka Wataliano Gede, nimewapeleka Marafa kwenye mabonde ya Nyari, nimewapeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama mara nisizoweza kuzihesabu. Lakini msimu mmoja mzee mmoja na mkewe walinijia na ombi nisilolizoea. Walitaka niwafikishe Nyeri.

Nyeri ni mbali, Mheshimiwa. Tulilala njiani. Siku ya pili tukafika Mathari, kwenye misheni ya Consolata, na hapo juu kuna kanisa lililojengwa na serikali ya Italia baada ya Vita vya Pili. Ndani ya kanisa hilo wamehifadhiwa wanajeshi 676 wa Kitaliano waliokufa vitani na katika kambi za mateka. Yule mzee hakusema kitu. Alivaa miwani, akaanza kupitisha kidole juu ya majina ukutani, jiwe kwa jiwe, mstari kwa mstari, mkewe akimfuata nyuma. Kisha kidole kikasimama. Lilikuwa jina la baba yake. Alipochukuliwa vitani huyu mzee alikuwa mtoto wa kunyonya. Akaweka kiganja juu ya lile jina, akakaa hivyo mpaka nikatoka nje nikamwachia nafasi.

Pale nje, Mheshimiwa, ndipo swali liliponishika, na mpaka leo halijaniachia. Mimi nikitaka kuweka kiganja changu juu ya jina la babu yangu, nikiweke wapi?

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza yule mzee kuhusu kaburi kubwa mle kanisani, lile ambalo kila mgeni husimama mbele yake. Akanieleza njia nzima. Nami niliporudi nyumbani sikutosheka, nikatafuta na kusoma, kwa sababu nilitaka kujua ni mtu gani huyu ambaye Italia imemjengea heshima kubwa namna hii katika ardhi isiyokuwa yake.

Anaitwa Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta. Alizaliwa Torino tarehe 21 Oktoba 1898. Baba yake ndiye aliyeongoza Jeshi la Tatu la Italia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, kijana huyu alikuwa na miaka 16. Angeweza kukaa kasrini na asiulizwe na mtu. Badala yake alijiandikisha kwa hiari katika kikosi cha mizinga ya farasi, akaanza kama askari wa kawaida, akapanda cheo huko huko vitani. Hili nalitaja kwa sababu ni haki yake. Mtu akifanya la kiume lisemwe, hata kama baadaye alikuja kwetu akiwa adui.

Baada ya vita aliipenda Afrika, au tuseme aliipenda kwa namna Wazungu wa zama zile walivyoipenda. Alikwenda Somalia na ami yake, Duke wa Abruzzi. Akaenda kuishi na kufanya kazi Kongo ya Mbelgiji kwa muda. Akasomea sheria Palermo. Kisha akapelekwa Libya kuongoza askari wapandao ngamia jangwani, akajifunza urubani, na katika miaka ya 1930 akahamia jeshi la anga, akapanda hadi kuwa jenerali. Alikuwa mrefu mno, karibu mita mbili, na kila aliyemwandika hakuacha kuutaja urefu wake.

Nishani alianza kuzipata mapema, na hapa nataka tusimame kidogo, Mheshimiwa, maana nishani ndiyo mada ya barua yangu. Alikuwa mwanachama wa daraja la Annunziata, heshima ya juu kabisa ya ukoo wa Savoia, ambayo mwenye kuivaa huhesabiwa kuwa binamu wa mfalme. Hiyo yeye aliipata kwa damu, kwa kuwa wa ukoo huo. Lakini nishani za ushujaa ni jambo jingine, hizo hutolewa kwa tendo. Nami najiuliza kuhusu Libya. Wakati ule Wataliano walikuwa wanavunja upinzani wa Walibya kwa moto, kwa kambi za mateka jangwani, na kwa kamba. Mzee Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyepigana nao karibu miaka ishirini, walimkamata mwaka 1931 na kumnyonga Soluch tarehe 16 Septemba, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Naye alifia mikononi mwa waliomteka. Hakupewa nishani na mtu. Ndiyo maana nikiona nishani sasa, swali langu la kwanza ni: nani aliitoa, na kwa kazi gani?

Mwisho wa mwaka 1937 Amedeo aliteuliwa kuwa Naibu wa Mfalme huko Ethiopia, mahali pa Rodolfo Graziani. Huyo Graziani ndiye aliyekuwa mtawala Addis Ababa Februari ya mwaka ule, Wahabeshi walipouawa kwa maelfu mitaani kwa siku tatu. Ikilinganishwa na hayo, Duke alikuwa mpole, na wanahistoria wengi wanamkubalia hilo. Lakini mpole wa kukalia nchi ya watu bado ameikalia. Hilo nalo lisemwe.

Sasa nakuja Malindi.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza. Duke alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Italia Afrika Mashariki, ya nchi kavu na ya anga, watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wakiwa askari wa Kiafrika kutoka Eritrea, Somalia na Ethiopia yenyewe. Julai waliteka Moyale. Agosti waliteka Somalia ya Waingereza. Na Oktoba ya mwaka ule ule ndege zao zilikuja zikarusha mabomu hapa kwetu. Malindi, Mheshimiwa! Mji wa wavuvi na wakulima wa pamba. Nyanya yangu alikuwa msichana. Alikuwa akisimulia kwamba watu walidhani ni radi, wakatazama juu, mbingu nyeupe haina hata wingu. Kisha wakakimbilia mashambani na mikeka kichwani, na kuna waliokaa huko mpaka kusi ikaingia, wanaogopa kurudi mjini.

Sijui ni wageni wangapi nimewapitisha pale mjini bila kuwaambia habari hii. Wanakula samaki wao, wananunua vinyago vyao, wanaambiwa kwamba Wataliano walianza kuja Malindi kwa ajili ya utalii na kituo cha roketi cha San Marco pale Ngomeni. Si kweli kwamba walianzia hapo. Walianza kutujia angani mwaka 1940, na aliyekuwa mkuu wao siku hiyo ni mtu yule yule aliyelala Nyeri chini ya jiwe zuri. Sisemi alitoa amri ile yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Nasema alikuwa ndiye mkuu, na alikuwa jenerali wa anga.

Babu yangu alijiandikisha Keya wakati huo. Wakenya karibu laki moja waliingia jeshini katika vita vile, na wa pwani walikuwemo. Wengine walikuwa wapiganaji, wengine wachimbaji wa mahandaki na barabara, wengine madereva, wapishi, wabebaji wa majeruhi. Babu alipitia Garissa. Alikumbuka kuvuka mto Tana usiku, kiu ya njia ya Kismayu, na miguu iliyopasuka mpaka viatu vikajaa damu. Mji wa Kismayu ulianguka tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25. Kutoka hapo walikwenda mbio kwa namna ambayo hata majenerali hawakuitarajia, zaidi ya kilomita 2,500 tangu Kenya katika muda usiofika miezi miwili, na tarehe 6 Aprili majeshi ya Uingereza yakaingia Addis Ababa. Kikosi cha askari wa Afrika Mashariki kilikuwa mbele kabisa katika mbio zile.

Babu alipenda kusema kwamba wao, watu wa Keya, ndio waliomkamata Duke. Nilipokua nikasoma, nikagundua haikuwa hivyo, na naona ni vyema nikuandikie ukweli hata pale unapompunguzia babu yangu sifa. Duke alikuwa amerudi nyuma mpaka mlima Amba Alagi, kaskazini mwa Ethiopia, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Alizingirwa na askari wa Kihindi upande mmoja, wa Afrika Kusini upande mwingine, na wapiganaji wa Kihabeshi wakiwa kila pembe wakidai nchi yao. Majeruhi walikuwa wengi na pa kuwapeleka hapakuwepo. Katikati ya Mei 1941 akaomba masharti ya kusalimu amri. Waingereza wakampa heshima za kijeshi: watu wake wakashuka mlimani wakiwa na silaha zao, wakapita mbele ya gwaride lililowasimamia kwa saluti, ndipo wakaziweka chini. Kwa siku zile za mwisho mlimani, nchi yake ilimpa Nishani ya Dhahabu ya Ushujaa wa Kijeshi, ambayo Italia haina kubwa kuliko hiyo kwa askari. Nishani ile ina maandishi yake rasmi yanayoeleza alifanya nini, wapi, na tarehe zipi.

Lakini babu hakusema uongo wote. Kumkamata hakumkamata. Kumlinda, kuwalinda watu wake, hilo walilifanya. Mateka wa Kitaliano waliletwa Kenya kwa maelfu kwa maelfu, wakawekwa Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Londiani na kwingineko, na waliosimama langoni na bunduki usiku wa baridi walikuwa askari wa Kiafrika. Wataliano hao ndio waliojenga barabara ya kushuka Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, na lile kanisa dogo kando ya barabara ambalo madereva wa malori wanalijua. Babu alilinda kambi moja ya mlimani. Ni hapo alipojifunza maneno yake manne matano ya Kitaliano, na siku nilipoanza kukizungumza mbele yake alicheka mpaka akakohoa.

Duke mwenyewe aliwekwa kwenye nyumba karibu na Ol Donyo Sabuk. Alikuwa mateka wa hadhi, lakini mateka. Malaria ilimshika, kisha kifua kikuu. Akahamishiwa hospitali ya kijeshi Nairobi, na huko akafa tarehe 3 Machi 1942, umri wake miaka 43. Mke na mabinti wawili walikuwa Italia. Kwa matakwa yake akazikwa Nyeri, pamoja na askari wake waliofia utumwani, na hapo yupo mpaka leo. Babu alikuwa akisema siku habari ilipofika kambini wale mateka walivua kofia, na yeye, mlinzi, akajikuta naye amevua yake. Sajini wake akamkemea. Babu hakujuta. Alisema, "Mtu amefia ugenini, wewe utabaki na kofia?"

Nimekieleza kirefu kisa cha Duke, Mheshimiwa, kwa sababu nataka uone kwamba sina kinyongo na kaburi lake. Mtu aliyekataa kulala peke yake katika makaburi ya wafalme, akalala na koplo na mpishi, nampa heshima yake. Kila mwaka ujumbe wa Italia hupanda Nyeri kuwakumbuka, na wafanye hivyo. Uchungu wangu uko kwingine.

Babu alirudi Ganda na nyota moja. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, katikati kuna taji na herufi za Mfalme George wa Sita, na utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu katikati, na kandokando bluu ya giza na bluu ya mbingu. Inaitwa Nyota ya Afrika. Walipewa waliopigana Afrika kuanzia Juni 1940, Habeshi na Somalia zikiwemo. Niligeuza nyuma yake mara ngapi nilipokuwa mtoto! Nilikuwa natafuta jina la babu. Nyuma ni tupu. Shaba laini, haina hata herufi moja. Nilidhani labda limefutika kwa kuvaliwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyota za vita vile Waingereza walizitoa bila kuandika majina ya waliopewa. Hata askari wao wenyewe kutoka London walipata nyota tupu. Tofauti ni kwamba yule wa London akifa vitani, jina lake lipo kwenye mnara wa kijiji chake, kwenye kanisa lake, kwenye shule aliyosoma. Wa Ganda, nyota ikipotea, yote yamepotea.

Na nyota hizi zinapotea, Mheshimiwa. Nimeona moja ikiuzwa kwa mgeni ufuoni, bei ya chakula cha siku moja. Kijana aliyekuwa anaiuza hakujua ni ya nani. Alisema ilikuwa kwenye sanduku la nyumba aliyonunua babake. Nilimuuliza nyumba ipo wapi, akaninyooshea mkono tu upande wa Mambrui.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi kwetu Giriama tunavyowaenzi waliotangulia. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti ya kumbukumbu, husimamishwa, hupewa heshima yake, na watu wakiona kigango wanajua ni cha nani. Vigango vyenyewe viliibwa, vikauzwa mpaka makumbusho ya Marekani, na ilibidi kudai na kulia kwa miaka mingi ndipo baadhi yake vikarudishwa. Tumekwisha kujua maumivu ya kunyang'anywa kumbukumbu za wazee wetu. Babu hakuwa wa Gohu, hakuwa na mali ya kulipia karamu zake. Nyota ile ndiyo iliyokuwa kigango chake.

Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu ya askari na wabebaji mizigo iliyosimamishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Vita vya Kwanza. Ni watu watatu wa shaba, wazuri wa kutazama, na chini yao kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ya kuwaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba katika Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi, na ikaahidi kutafuta majina. Nayataja haya ili ujue kwamba ukiandika barua kwa watu hao leo, huandikii watu wanaokana.

Na mtu asiniambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu na vita vyao. Nyeri hiyo hiyo ilikozikwa Duke ndiko alikotoka Dedan Kimathi, ambaye wenzake wa Mau Mau msituni walimpa cheo cha jemadari mkuu. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia yake haina kaburi la kwenda. Wawili hawa walifia mikononi mwa Mwingereza yule yule, katika nchi moja, miaka kumi na tano imepita kati yao. Mmoja ana kanisa. Mwingine hana hata alama ya jembe ardhini. Katika ardhi yetu wenyewe tumekubali mgeni akumbukwe kwa jina na mwenyeji akumbukwe kwa jumla.

Sasa ombi lenyewe.

Naomba kaunti yako ianze kukusanya majina ya watu wa Kilifi waliokwenda katika vita vile viwili, kabla watu wanaoyakumbuka hawajaisha. Simaanishi wazee wenyewe, wale wameshaondoka karibu wote. Namaanisha watoto wao, ambao nao sasa ni wazee. Shangazi yangu anawajua askari sita wa Ganda kwa majina, kwa majina ya baba zao, na kwa nyimbo walizorudi nazo. Ana miaka themanini na ushei. Kila nikimtembelea naandika kwenye daftari langu, lakini mimi ni mtu mmoja na kijiji ni kimoja. Kuna Jilore, kuna Marafa, Magarini, Mambrui, Takaungu, Kaloleni, Rabai, Ganze. Machifu wana mabaraza. Misikiti na makanisa yana matangazo. Watu waambiwe walete makopo, masanduku, vitambulisho vya zamani, picha, hata nyimbo. Zisichukuliwe, hilo nasisitiza, kila kitu kipigwe picha pale pale na kirudi kwa mwenyewe siku ile ile. Tumeshaibiwa vya kutosha.

Nilikwisha kujaribu njia ya kawaida. Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa niache namba ya simu nitapigiwa. Huo ni mwaka wa tatu. Ndiyo sababu leo nimeandika wazi.

Majina yakipatikana, yaandikwe ukutani mahali pa wazi hapa Malindi, ambapo mtoto wa shule anaweza kuyafikia kwa kidole. Pana mahali panapofaa karibu na bustani inayomkumbuka Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Naye, Waingereza walipomteka, walimpeleka Kisii akafungwe, akatoroka akarudi kwao. Nadhani hatakasirika akipata majirani. Usiandike majenerali juu na wabebaji chini. Waandikwe kama walivyo Nyeri, wote pamoja.

Na katika makumbusho yetu ya Malindi, pamoja na habari za Wareno na nguzo yao, pawe na ukuta mmoja wa mwaka 1940: mabomu, waliokimbilia mashambani, walioandikishwa, njia ya Kismayu, kambi za mateka, na kisa cha Duke chote bila kukata upande wowote, na nishani zake, na mlima wake, na kifo chake. Wataliano wanaokuja hapa ni watu wazima, wataweza kukisoma. Yule mzee wa Nyeri nilimweleza habari za mabomu ya Malindi tulipokuwa tunashuka Mombasa. Alinyamaza mpaka Mariakani. Kisha akasema hakujua, na kwamba angependa kulijua jina la babu yangu. Nilimtajia. Akalirudia mara mbili ili asilikosee.

Najua utaambiwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi. Yapo. Kuna ukame Ganze, kuna karo, kuna barabara. Mimi pia ni mlipa karo. Lakini kukusanya majina hakuhitaji zabuni wala jengo. Kunahitaji vijana wachache wenye daftari na simu ya kupiga picha, na wapo wengi hapa waliomaliza chuo wanaoshinda barazani. Wape nauli na barua yenye mhuri wako, kwa sababu bila mhuri mtu hafunguliwi mlango. Ukuta unaweza kusubiri. Shangazi yangu hawezi.

Nyota ya babu ipo kwangu, Mheshimiwa, kwenye kopo la majani ya chai, imefungwa kwa kitambaa cha leso ya nyanya. Utepe umechanika kidogo upande wa bluu. Siku utakapoteua mtu wa kuanza kazi hii, awe nani, nitamletea mimi mwenyewe aipige picha, na jina la babu nitampa limeandikwa kwenye karatasi, pamoja na la baba yake, na la wale sita wa shangazi.

Wako mtiifu,

Mjukuu wa askari wa Keya,
Malindi